Jeni na Ukuaji wa Ubongo: Chanzo cha Maikrosefali

Mtoto anapozaliwa na kichwa kidogo kuliko kawaida, iwe Bukoba mjini au Kamachumu wilayani Muleba, maneno hayakosekani: ukoo una laana, mama alivunja mwiko. Mtahiniwa wa Baiolojia anatakiwa kutoa maelezo mengine. Hali hii huitwa maikrosefali.

Ubongo wa mtoto tumboni hutokana na seli shina zinazojizidisha kwa mitosisi. Kumbuka zile nyuzi zinazovuta kromosomu kwenda ncha mbili za seli. Jeni ya ASPM, iliyoko kwenye kromosomu namba 1, ina maelekezo ya kutengeneza protini inayosaidia kuzipanga nyuzi hizo. Maelekezo yakiharibika, seli shina huacha kujizidisha mapema, seli za neva huwa pungufu na ubongo hubaki mdogo. Ukieleza, usiiruke protini. Jeni haifanyi kazi hiyo yenyewe.

Hitilafu hii ni fifi: hujitokeza tu ikirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Tuandike A kwa jeni nzima na a kwa yenye hitilafu. Mume Aa na mke Aa wana afya njema, lakini katika kila mimba uwezekano ni AA 1/4, Aa 1/2 na aa 1/4. Wapo wanaodhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa aa, watatu wanaofuata watasalimika. Sivyo, kila mimba huanza hesabu upya. Na kumlaumu mama peke yake ni kosa, maana a moja imetoka kwa baba.

Desturi ya Wahaya ya kutooana ndani ya ukoo mmoja ina maana hapa. Ndugu wa damu wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba a ileile. Desturi hiyo hupunguza hatari, haiimalizi.

Hata hivyo, si kila maikrosefali ni ya kurithi. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, kando ya ziwa lilelile linalopakana na Bukoba. Mwaka 2015 vilienea Brazil, na watoto wengi wakazaliwa na vichwa vidogo. Virusi hivyo huua seli shina za ubongo, ingawa jeni za mtoto ni nzima. Kwa hiyo soma kwanza historia ya familia na ya ujauzito, ndipo uchore mraba wa Punnett.

Swali: Mwanamume mwenye afya kutoka Muleba ana dada mwenye aa. Wazazi wao wote ni wazima. Je, uwezekano wa yeye kuwa Aa ni 1/2 au 2/3? Eleza.