Istilahi za Linux na Mtandao kwa Mwenye Kujitengenezea Kompyuta

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, watu wengi wenye kompyuta za zamani kidogo wamefika njia panda. Windows 11 hudai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, pamoja na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni hiyo. Na mashine nyingi ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti hayo. Mojawapo ya njia zilizobaki ni kutia Linux. Vijana wapendao ufundi wamekwisha kuifuata njia hiyo, nao huelekezana kwa Kiswahili, kwa maandishi na kwa mdomo. Hapo ndipo kazi ya istilahi inapoingia, kwa sababu maelekezo ya namna hii hayasomwi tu, hutendwa. Neno lenye utata katika kitabu cha historia humchosha msomaji. Katika maelekezo ya diski humfutia picha za arusi ya wazazi wake.

Makala haya hayakusudii kupitia kila hatua ya kazi hiyo. Yanakusudia kuchunguza maneno machache ambayo mwenye kujitengenezea kompyuta hana budi kukutana nayo, na kuonyesha pale ambapo neno humwongoza na pale linapomponza.

Tuanze na jina lenyewe. Linux, kwa maana yake halisi, si mfumo mzima. Ni kiini tu, yaani ile programu inayosimama kati ya vyuma vya kompyuta na programu nyingine zote. Linus Torvalds alikitoa kiini hicho mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki. Vyombo vingi vinavyokizunguka vilitoka katika mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Kiini, vyombo na maelfu ya programu hufungwa pamoja na kupewa jina: Debian, Fedora, Ubuntu, Linux Mint. Furushi hilo wengine huliita "usambazaji", neno lililotafsiriwa bila kukitazama kitu chenyewe. Mtu hatii usambazaji katika kompyuta. Neno "mkusanyo" lingefaa zaidi, nasi tutalitumia hapa.

Kuhusu neno "huria", Kiswahili kimebahatika. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu chenye uhuru, hata wenye programu hizi hulazimika kueleza kila mara kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi tuna "bure" na tuna "huria". Programu huria ni ile ambayo mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Yaweza hata kuuzwa. Ruhusa hiyo ndiyo iliyouwezesha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, mwaka 2004.

Neno linaloponza zaidi ni "kumbukumbu". Katika kompyuta kuna mahali pawili pa kuweka data, na kazi zake ni mbalimbali. RAM ni kama meza ya fundi: vitu vinavyoshughulikiwa sasa huwekwa juu yake, na umeme ukizimwa meza hubaki tupu. Diski ni kabati: vilivyomo hukaa hata pasipo umeme. Maandishi mengi huyaita yote mawili "kumbukumbu". Basi mtu mwenye kompyuta ya RAM ya gigabaiti 2 hufungua kurasa chache za wavuti, mashine ikawa nzito, akaambiwa kumbukumbu imejaa. Naye akafuta muziki na picha ili apate nafasi. Ameondoa vitu kabatini, na meza ni ile ile. Picha zimekwenda na uzito umebaki.

Rai yetu ni kwamba "kumbukumbu" liachiwe RAM peke yake, na diski iitwe "hifadhi". Tofauti hiyo inalingana na amri zenyewe. Amri ya free -h huonyesha kumbukumbu. Amri ya df -h huonyesha hifadhi. Anayesoma jibu la ile ya kwanza atazame safu ya mwisho ya tarakimu, si ya tatu, maana Linux hutumia nafasi iliyolala kuweka nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu inapoihitaji. Wengi huogopa wakiona safu ya tatu imepungua, na hapana la kuogopa. Aidha, aendaye dukani kununua RAM asiseme tu "ya laptopu". Kipande cha DDR3 cha kompyuta mpakato kina pini 204, cha DDR4 kina 260, na kata iliyo ukingoni haiko mahali pamoja. Kimoja hakiingii katika nafasi ya kingine, na kulazimisha ni kuvunja.

Sasa tuje kwenye diski yenyewe. Kitenzi "kuumbiza" kimezoeleka katika programu za kuandikia, ambamo umbizo ni mpangilio wa ukurasa: ukubwa wa herufi, pambizo, nafasi kati ya mistari. Mtu akiumbiza barua yake hapotezi hata nukta. Kitenzi hicho hicho kimehamishiwa kwenye diski, na huko maana yake ni kutandika mpango mpya wa mafaili juu ya ule wa zamani, ambao kwa mtumiaji wa kawaida ndio mwisho wa vilivyokuwamo. Tena mzizi wa neno ni "umba", na mwenye kusikia "umba" hatazamii kupoteza kitu. Wakulima wana neno lililo wazi zaidi: kufyeka. Hatudai kwamba "kufyeka diski" kuingizwe katika orodha rasmi kesho. Twadai kwamba kila mwandishi wa maelekezo, popote aandikapo "umbiza diski", aongeze maneno "na vyote vilivyomo vitapotea". Ni maneno manne tu.

Kwa zile sehemu ambazo diski hugawanywa, wapo wanaotumia "kizigeu". Ni neno zuri la nyumbani, lakini kizigeu ni ule ukuta unaogawa chumba, si chumba chenyewe. "Sehemu ya diski" yatosha.

Hatari kubwa hujificha katika majina. Linux haiziiti hifadhi kwa herufi C na D kama Windows. Huziita sda, sdb, au nvme0n1, na majina ya sda na sdb yaweza kubadilishana kompyuta inapowashwa upya. Atakaye kuandika mkusanyo juu ya flashi kwa amri ya dd hutaja chanzo na kikomo, na dd haiulizi "una hakika?". Ukiitaja diski ya ndani badala ya flashi, itaandika juu ya diski ya ndani. Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka flashi, toa amri ya lsblk. Ichomeke, kisha uitoe tena. Jina lililoongezeka ndilo la flashi. Thibitisha pia kwa ukubwa, ila usishangae diski iliyouzwa kwa jina la gigabaiti 500 ikisomeka 465.8. Haikuibiwa. Muuzaji huhesabu kwa elfu, lsblk huhesabu kwa 1,024, na tangu mwaka 1998 kipimo cha namna ya pili kina jina lake katika viwango vya kimataifa, gibibaiti, ambalo hata waandishi wa programu hulipuuza.

Flashi ikiwa tayari, hakuna haja ya kutia mkusanyo papo hapo. Ubuntu na Linux Mint zaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe bila kuigusa diski. Jaribu sauti, skrini na hasa Wi-Fi, kisha uamue.

Amri nyingi za namna hii hudai mamlaka ya mtumiaji aitwaye root, na hilo ndilo jina pia la saraka iliyo juu ya saraka zote. Lugha ya asili imeviita vitu viwili kwa neno moja. Sisi hatulazimiki kurithi utata huo. Saraka iitwe "mzizi", mtumiaji aitwe "msimamizi mkuu".

Limebaki neno "mtandao", nalo limebeba mzigo wa wengi. Ni mtandao wa nyumbani, ni intaneti, ni mawimbi ya simu. Hata lile kasha dogo lenye taa huitwa ruta, modemu au "mtandao" kwa kadiri ya msemaji, na mara nyingi limekusanya kazi zote hizo ndani yake. "Mtandao umekata" ni habari ya kweli isiyomsaidia fundi. Yafaa kuchunguza kwa ngazi tatu. Kwanza, toa amri ya ip route upate anwani ya ruta yako, mathalani 192.168.1.1, kisha uiite kwa amri ya ping. Isipoitika, aghalabu tatizo ni la ndani: waya, Wi-Fi, au ruta yenyewe. Ikiitika, iite anwani ya mbali, kama 8.8.8.8. Hiyo ikinyamaza, mtandao wako ni mzima na intaneti ndiyo haipo. Ikiitika nayo, ita kwa jina badala ya tarakimu. Jina likishindwa wakati tarakimu zinaitika, kilichoharibika ni utafutaji wa majina ya vikoa. Neno "kikoa" ni la kale, la watu walao pamoja kwa zamu, na sasa hutumika Tanzania kwa majina yanayoishia na .tz, limeipata kazi mpya bila kujeruhiwa. Anayepiga simu kwa kampuni inayompa intaneti akasema "anwani zinaitika, vikoa havipatikani" amekwisha kumwonyesha fundi mahali pa kuanzia, na hataambiwa azime ruta na kuiwasha tena mara ya nne.