Kamera ya Kupigia Picha Kwanjula

Anayeingia duka la kamera katikati ya Kampala huonyeshwa kwanza namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi: megapikseli 24, 33, 45. Ni namba rahisi kutaja, na ndiyo inayosaidia kidogo zaidi. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji kama megapikseli 9 tu. Canon EOS 5D Mark II iliyotoka mwaka 2008 ilikuwa na 21, na mpaka leo zinatosha kwa albamu ya harusi. Cha kuuliza dukani ni hiki: uso mweusi, chini ya hema, saa nane mchana, utatokaje?

Nataja hema kwa sababu kwanjula, siku bwana harusi anapotambulishwa kwa wakwe, ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote. Kampala haiko hata kilomita 40 kutoka mstari wa Ikweta. Mchana jua hukaribia utosini, na aliyesimama uani macho yake huzama katika kivuli cha paji la uso. Chini ya hema kuna kiza, huku ua nyuma ya wageni ukiwaka. Wanaume wamekaa safu kwa safu wakiwa na kanzu na koti. Wasichana wa nyumbani, gomesi zikimetameta, wamepiga magoti mkekani kuwasalimu.

Kipima mwanga cha kamera hakijui lolote kati ya hayo. Kimetengenezwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kinarudisha mwanga kwa kiasi cha rangi ya kijivu, karibu asilimia 18. Kikiona kanzu thelathini hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na nyuso zinatoka nyeusi tii, bila macho. Ukiujaza uso mweusi kwenye fremu, hufanya kinyume chake: huongeza mwanga hadi ngozi inapauka kama iliyokosa mafuta. Kwa hiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta ni gurudumu la kusahihisha mwangaza, lenye alama za kujumlisha na kutoa, linalofikiwa na kidole gumba bila kufungua menyu. Mbele ya kanzu, jumlisha moja, kisha uangalie uso kwenye kioo. Kamera inayoficha kitu hicho ndani ya kurasa tatu za menyu hainifai, hata iwe na megapikseli ngapi.

Tatizo hili ni la zamani. Enzi za filamu, maabara zilizotumia vifaa vya Kodak zilipanga rangi kwa kufuata kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Zetu zilitoka zilivyotoka.

Kihisi cha kamera ya leo hakina kadi ya namna hiyo, lakini kina hesabu yake. Mwanga hufika kama chembechembe ziitwazo fotoni, nazo hufika kwa bahati nasibu. Kijisehemu cha kihisi kikipokea fotoni 10,000, kosa la kawaida ni 100, yaani asilimia 1. Kikipokea 100 tu, kosa ni 10, asilimia 10 nzima, na jicho huliona kama chengachenga. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, kwa hiyo chini ya hema fotoni huadimika papo hapo usoni, mahali tunapojali kuliko pote. Dawa ni kuzikusanya nyingi zaidi, na hapo eneo la kihisi lina maana kuliko idadi ya pikseli. Kihisi cha fremu kamili kina milimita za mraba 864, cha APS-C kama 370, na cha simu nyingi hata 80 hazifiki. Simu hujikomboa kwa kupiga picha kadhaa na kuziunganisha, na kwa mtu aliyetulia inafanya kazi nzuri mno. Ngoma ikianza kulia, mikono ya wachezaji inakuwa ukungu.

Njia ya pili ni lenzi, na hapa ndipo ningeweka pesa. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera kwa kawaida ni f/3.5-5.6, ukivuta karibu inabaki f/5.6. Lenzi nyepesi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu kuliko zote kabatini. Nakushauri uchukue kamera ya toleo la zamani ubakize fedha ya lenzi hiyo. Sherehe huchelewa, jua la Kampala huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, tena huzama wima, na machweo hayadumu sana zaidi ya dakika ishirini.

Rangi nayo ina mambo yake. Kihisi chenyewe hakioni rangi. Huwekewa vichujio, nusu vya kijani, robo vyekundu, robo vya buluu, mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza yake mwaka 1976. Turubai la buluu likichuja jua, wakwe wote wanakuwa buluu. Hakikisha kamera inahifadhi faili za RAW, ambazo rangi yake hurekebishwa baadaye, na pima weupe kwa karatasi safi, kwani kanzu nyingi ni za rangi ya maziwa.

Ukinunua iliyotumika, uliza shata imefyatuliwa mara ngapi. Ya 5D Mark II ilikadiriwa kustahimili mara 150,000, na mpiga picha wa harusi anaweza kumaliza 1,000 kwa sherehe moja. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi utafute nyuzi za ukungu, maana misimu miwili ya mvua hukuza kuvu ndani ya mikoba iliyofungwa. Kisha mwombe ndugu yako aliyevaa shati jeupe asimame mlangoni pa duka, nusu ndani nusu nje, umpige. Kuza picha hadi machoni. Usipoyaona, rudisha kamera kabatini.