Mjakazi Nyuma ya Mawe ya Kusagia



Katika habari za mapigo kumi, Farao twamwelewa. Farao wa kabla yake aliamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni, na pigo la kwanza likauangukia mto ule ule. Lakini Kutoka 11:5 yamtaja pia mjakazi anayesaga unga. Mtoto wake alikosa nini?

Swali hili si geni kwetu watu wa Kwale. Ukiteremka kutoka Diani, ukapita Msambweni hadi Shimoni, utayaona mapango karibu na bahari, mkabala wa Kisiwa cha Wasini. Wazee husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingojea majahazi ya Unguja. Wafanyabiashara wale hawakuletewa vyura wala nzige. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alikubali kuikomesha biashara ya watumwa baharini. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka 1907. Hesabu mwenyewe: miaka 34. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka wa mkataba aliweza kuzaa watoto wake kabla sheria haijamfikia.

Basi turudi Misri. Kabla ya mvua ya mawe, Mungu alionya watu na wanyama waingizwe nyumbani. Watumishi wa Farao waliolicha neno lake waliwaingiza watumwa wao. Wengine wakawaacha mashambani (Kutoka 9:19–21). Angalieni jambo hilo, maana wengi hulipita upesi: uhai wa mtumwa ulikuwa mkononi mwa bwana wake. Usiku wa mwisho vivyo hivyo. Farao alionywa, hatusomi kwamba mjakazi aliambiwa. Biblia haisemi popote kwamba mtoto wake alitenda dhambi. Ukaidi wa mkubwa ulimfikia aliye chini kabisa, nami sitawadanganya kwamba jambo hilo ni jepesi.

Ila Mungu hakumsahau. Waebrania walipotoka, kundi kubwa la watu wa mataifa mengine lilifuatana nao (12:38). Nao waliokuwa watumwa jana walipopewa sheria pale Sinai, hawakupewa ruhusa ya kuwa mafarao wapya. Tazameni nyumbani mwenu, kwa yule binti wa kazi anayeamka kabla ya jogoo, kisha someni amri ya Sabato, Kutoka 20:10. Mjakazi ametajwa humo: naye apumzike.