HASIRA: IMWAGWE AU IPOZWE?

Mume anatamka talaka usiku, alfajiri yuko mlangoni kwa imamu: "Shekhe, nilikuwa na hasira. Imepita?" Katika mji mdogo kama Laela, njiani baina ya Tunduma na Sumbawanga, ambako Waislamu ni wachache, imamu ndiye anayefikiwa kwanza.

Ibnul Qayyim (aliyefariki 751 H/1350) aliandika kitabu kizima juu ya talaka ya mwenye hasira. Anayejua asemalo, talaka yake inapita. Aliyepotewa na akili, haipiti. Wa katikati ndiye aliyeleta khitilafu, naye aliona kuwa haipiti. Kwa hiyo imamu aulize sana kabla ya kujibu.

Lakini hukumu huja nyumba ikiwa imekwisha kuungua. Vipi moto uzimwe mapema? Wengi hudhani hasira lazima imwagwe: piga mto ngumi, piga kelele, kimbia hadi uchoke. Mwaka 2024 Sophie Kjærvik na Brad Bushman walichambua kwa pamoja tafiti 154 zenye washiriki 10,189. Yanayopandisha mapigo ya moyo, kwa jumla, hayakupunguza hasira, na kukimbia kulielekea kuizidisha. Yaliyopoza mwili, kama kupumua polepole na kulegeza misuli, yaliipunguza.

Msomaji atakumbuka Hadithi ya Abu Dharr (r.a.) kwa Abu Daud: aliyekasirika amesimama akae, isipoondoka alale. Hadithi haingoji maabara kuithibitisha. Tunataja tu kwamba njia ni moja. Ile ya kutawadha isnadi yake imesemwa na baadhi ya wanazuoni, ila maji hayamdhuru mtu.

Kwa mwenye hasira ya kila siku, kukaa chini hakutoshi. Huyu anahitaji kurekebisha fikra zinazomwasha: "amenidharau", "ananidharau makusudi". Tiba hii aliieneza Aaron Beck huko Marekani tangu miaka ya 1960. Kabla yake Abu Zayd al-Balkhi (aliyefariki 322 H/934) alishauri mtu aandae fikra njema akiwa ametulia, azihifadhi kama dawa ya kutumia siku ya dhiki. Kwetu hii ndiyo njia yenye mizizi zaidi, ingawa inataka subira na mtu wa kukaa naye wiki baada ya wiki.

Ama anayempiga mkewe, darsa ya hasira peke yake haitoshi. Imamu asimwambie mwanamke avumilie tu. Kwanza awe salama, kisha apelekwe ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia la polisi.