Lugha ya Mwalimu na Nidhamu ya Darasa: Mfano wa Katilu

Suala la nidhamu darasani aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni suala la fimbo tu: itumike au isitumike. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nidhamu ni suala la lugha pia, na kwa hiyo linawahusu wanaisimu kama linavyowahusu walimu. Mfano wetu ni Katilu, kusini mwa Turkana.

Katilu iko kando ya mto Turkwel, penye mradi wa kilimo cha umwagiliaji. Watoto wa wakulima na wa wafugaji huketi dawati moja, na walio wengi huja shuleni na Ng'aturkana kama lugha ya nyumbani. Lugha hiyo ni ya jamii ya Kiniloti. Kitenzi chake hutangulia mtenda, na nomino zake hugawanyika katika jinsia tatu, si katika ngeli kama za Kibantu. Basi mwalimu akisema, "Wale waliokwisha kumaliza hesabu zilizoandikwa ubaoni wazilete," mtoto wa darasa la kwanza hana budi kufuata upatanisho wa wa- na zi- kabla hajatambua atakiwalo. Asipoelewa hubaki ameketi, na anayebaki ameketi huonekana mkaidi. Yamkini baadhi ya makosa yanayoadhibiwa si utovu wa nidhamu hata kidogo, bali ni agizo ambalo halikufika.

Historia ya shule za Kenya inatuonya juu ya jambo hili. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, ameeleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa vibao vya aibu kwa kusema lugha ya mama. Desturi ya namna hiyo haikukoma pamoja na ukoloni. Ilileta ukimya, na ukimya ukadhaniwa kuwa ni adabu. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya nafsi. Lakini sheria humwambia mwalimu asilolifanya, wala haimpi la kufanya badala yake.

Jibu moja lilipatikana Marekani. Mwaka 1968 Madsen, Becker na Thomas walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika madarasa ya shule ya msingi. Waliona kwamba kutangaza kanuni peke yake hakukubadili mwenendo kwa kiasi kikubwa. Mwenendo ulibadilika mwalimu alipopuuza vitendo vidogo vya utundu na kuvisifu vitendo vyema. Tukiliingiza wazo hilo katika Kiswahili, sarufi yenyewe inatupa nyenzo tatu.

Kwanza ni agizo. "Msipige kelele" hukataza, lakini haionyeshi njia. "Anayetaka kusema ainue mkono" huonyesha kitendo. "Tusikilizane" huzidi hapo, kwani kiambishi tu- humweka mwalimu ndani ya kanuni, na kauli ya kutendana huifanya haki ya kila mmoja.

Pili ni onyo. "Wewe ni mvivu" huufunga uvivu kwenye nafsi ya mtoto, kwa kuwa ni haina wakati wala kikomo. "Hujamaliza kazi" hutaja tendo, na kiambishi -ja- huacha mlango wazi: jambo halijatendeka, ila bado linatazamiwa. Mtoto aliyebandikwa jina la mvivu hana cha kurekebisha. Ambaye hajamaliza anaweza kumaliza.

Tatu ni sifa. "Vizuri" inayotupwa kwa darasa zima haimfundishi mtu. "Nakiru, umesubiri zamu yako, vyema" humtaja mtendaji na kitendo chake. Jina lenyewe lina uzito: Nakiru ni jina la msichana linalotokana na akiru, yaani mvua, na katika nchi kame hiyo si habari ndogo. Kumwita mtoto "wewe wa nyuma" ni kuitupa heshima ambayo wazazi wake walimpa. Tena mwalimu akisema "ejok", neno la Kiturkana la kusifia jambo jema, sifa hufika bila kupitia tafsiri.

Haya hayapingani na sera. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba miaka ya mwanzo ya shule ifundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Katilu lugha hiyo ni Ng'aturkana. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 na watoto wakatoka nchi nyingi, mwalimu atahitaji zaidi Kiswahili chepesi, chenye sentensi fupi.

Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Darasani utamu si wa sauti tu, ni wa muundo pia. Huko Katilu shule hushindana na mifugo na ukame katika kumvuta mtoto, na anayeaibishwa kwa agizo asilolielewa ana pa kwenda. Hivyo vyuo vinavyofundisha walimu Kiswahili havina budi kuwafundisha sarufi ya maagizo, ya maonyo na ya sifa, kama vinavyowafundisha ngeli.