Onja Kwanza, Lebo Baadaye

Mteja akiketi kwenye grosari yoyote ya Kariakoo au Ilala, mhudumu humuuliza mambo mawili: anatumia bia gani, na aletewe ya moto au ya baridi. La kwanza hujibiwa kwa jina, na mara nyingi ni jina lile lile la miaka yote. La pili huonekana dogo. Kwa anayetaka kuijua ladha ya bia, hilo la pili ndilo kubwa, kwa sababu joto la chupa, mwanga ulioipiga na muda iliokaa stoo vinaweza kuibadili bia kuliko jina lililobandikwa juu yake.

Desemba ni mwezi mzuri wa kujifunza jambo hili. Ujerumani watu huhesabu siku za kuelekea Krismasi kwa kalenda yenye vidirisha 24, na kila siku hufunguliwa kimoja. Za watoto huwa na picha au chokoleti. Za watu wazima siku hizi huuzwa pia zikiwa na chupa 24 za bia tofauti. Uzuri wa kalenda hiyo ni utaratibu wake: bia moja kwa siku, inaonjwa bila haraka, inapewa alama na kuandikwa. Hatuna haja ya kuagiza boksi hilo ng'ambo. Safari, Kilimanjaro, Ndovu, Balimi, Serengeti, Castle, Tusker na Guinness zipo kwenye baa zetu, na kiwanda cha Tanzania Breweries Limited (TBL) kipo Mchikichini, Mtaa wa Uhuru, mwendo wa miguu kutoka sokoni Kariakoo.

Karibu zote hizo ni laga. Laga huchachushwa kwa hamira inayofanya kazi kwenye ubaridi, takribani nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi, kisha hulazwa kwenye ubaridi zaidi ili itulie na kung'aa. Ile ya rangi ya dhahabu tuliyoizoea ilianzia Plzeň, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Czech, mwaka 1842. Dar es Salaam ilipata kiwanda chake miaka ya 1930, Safari Lager ikaja mwaka 1977 na Kilimanjaro mwaka 1996. Kwa kuwa hamira ya laga haitoi harufu nyingi za matunda, kinachobaki kwenye glasi ni kimea cha shayiri, uchungu wa maua ya hopsi, maji na gesi. Bia ya namna hii haina pa kuficha kasoro.

Basi kazi ya kuonja huanzia kwenye kuchagua chupa. Bia ina maadui watatu: joto, mwanga na hewa. Hewa kidogo iliyobaki chupani huila ladha taratibu, na joto huharakisha kazi hiyo. Kreti lililoachwa nje ya depo kwenye jua la Desemba huzeeka upesi kuliko lile lililokaa kivulini. Mwanga una madhara ya haraka zaidi, kwani huvunja viungo vichungu vya hopsi, navyo vikiungana na salfa hutoa uvundo unaokaribiana na wa kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo; ya kijani huzuia kidogo tu. Kwa hiyo soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha omba chupa iliyotoka ndani, mbali na mlango.

Sasa turudi kwenye moto na baridi. Bia iliyokaribia kuganda huufanya ulimi usisikie kitu, na ndiyo maana bia mbovu ikipozwa sana hunyweka. Bia ya nyuzi 30 nayo hutoa gesi yote kwa mkupuo, na ukali wa kilevi hutangulia ladha nyingine. Kwa kuonja, nyuzi 5 hadi 8 zinatosha: itoe kwenye friji, iache mezani dakika chache, ndipo uifungue. Wanaopenda ya moto wana hoja yao, maana joto hufichua. Bakiza mafunda mawili chini ya glasi, yaache yapate joto la chumba, kisha onja tena. Bia iliyotengenezwa na kutunzwa vizuri bado itapendeza.

Hatua inayofuata ni kuficha majina. Mtu mmoja amimine akiwa upande wa pili wa kaunta, kwenye glasi safi zinazofanana, kila moja na namba yake. Glasi iliyooshwa kwa sabuni bila kusuuzwa vizuri huua povu, nayo bia ikalaumiwa bure. Wekeni maji na mkate mkavu mezani. Mishkaki na pilipili visubiri mpaka kazi iishe.

Kwa alama, waamuzi wa mashindano wanaofuata mfumo wa BJCP (Beer Judge Certification Program), ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, hutumia karatasi ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Tazameni mgawanyo huo. Rangi na povu, vinavyosifiwa sana kwenye matangazo, vina alama 3 tu.

Inua glasi, itazame kwenye mwanga, kisha inuse kabla ya kunywa. Laga nzima hunukia nafaka na mkate, na kwa mbali maua au majani ya hopsi. Ukisikia boksi lililolowa, bia imezeeka. Ukisikia siagi, huenda hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Harufu ya tufaha bichi ni dalili ya bia iliyotolewa mapema. Ya mahindi ya kuchemsha mara nyingi hutokana na maji ya kimea yasiyochemshwa ipasavyo. Piga funda, izungushe mdomoni, imeze. Utamu wa kimea huja mbele, uchungu hufuata, na bia nzuri huacha mdomo ukiwa mkavu kidogo, ukitaka funda jingine.

Anzeni na nyepesi, mkimalizia na nzito. Kilimanjaro ina kilevi asilimia 4.5, Safari 5.5. Katika chupa ya mililita 500, hiyo ni mililita 22.5 dhidi ya 27.5 za kilevi kitupu, yaani chupa nne za Safari zinakaribia tano za Kilimanjaro. Guinness iwe ya mwisho, kwani shayiri yake iliyokaangwa hubaki ulimini kwa muda mrefu. Na mkipata mbege halisi kutoka Moshi, ipeni siku yake: ndizi na ulezi huipa utamu na uchachu, na gome la msesewa huipa uchungu ambao bia ya kiwandani huupata kwa hopsi.

Bia moja ya kuonja hugawanywa kwa watu watatu au wanne, haipewi aliye chini ya miaka 18, na mwenye funguo za gari au bodaboda asubiri siku nyingine. Andikeni alama kabla ya majina kutajwa, kila mtu kwenye karatasi yake, bila kuangaliziana. Msimwachie anayejua sana kuzungumza awaamulie wengine. Uamuzi wangu ni huu: bia ya bei ya kawaida iliyotoka kiwandani karibuni na kukaa kivulini inaishinda ya bei kali iliyosafiri mbali na kupigwa jua. Desemba hii, msomaji, kabla ya kutaja jina lako la kila siku, muulize mhudumu hiyo chupa ilikuwa imekaa wapi.