Mbao Kongwe Kwenye Gitaa: Kisa Huuza, Ukavu Ndio Huimba

Katika mtaa wa Carmine, New York, fundi Rick Kelly hutengeneza magitaa ya umeme kwa mihimili iliyong'olewa kwenye majengo makuukuu ya jiji hilo. Mihimili ya jengo fulani ikiisha, magitaa yake nayo yameisha, ndiyo maana hugombewa. Anayenunua gitaa la namna hii analipia vitu viwili, kisa cha mbao na sauti yake, na ni vyema ajue kipi ni kipi.

Tuanze na kisa. Agosti 1963, kijana Mwingereza Brian May na baba yake Harold walianza kuunda gitaa nyumbani. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya mahogani ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Gitaa hilo ndilo lililosikika miaka yote katika bendi ya Queen, sambamba na sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Nakala zake zinauzwa hadi leo, ila mbao ya meko ile haimo.

Sauti ni habari nyingine. Mbao ikikaa miongo mingi, hemiselulosi, sehemu yake inayopenda maji, huvunjika polepole. Mbao huwa nyepesi kidogo, hainyonyi tena unyevu kama zamani, na bado ni ngumu. Kwa gitaa lisilo la umeme faida hiyo ni kubwa, kwa kuwa uso wake mwembamba ndio unaotetemeka na kutoa mlio. Kwa gitaa la umeme, vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi ndivyo vyenye usemi mkubwa. Siku hizi viwanda huiga uzee huo kwa kuoka mbao katika tanuri lenye oksijeni kidogo mno.

Sisi wa Eldoret hatuna haja ya kuagiza mihimili ya New York. Reli ilipofika hapa mwaka 1924, misitu ya jirani, kama Kaptagat, ilikuwa na podo na mutarakwa, na mbao hizo zilitumika sana kujengea nyumba katika nyanda za juu. Tangu amri ya rais ya 1986 ya kuzuia ukataji wa miti ya asili katika misitu ya serikali, nyumba kuukuu inayobomolewa imekuwa ghala la mbao hizo. Podo ina nyuzi laini zilizonyooka, hivyo inafaa kujaribiwa kwa uso wa gitaa. Mutarakwa hauliwi na mchwa, lakini hupasuka upesi na humtaka fundi mwenye subira.

Kabla ya kununua, pitisha sumaku kwanza, kwani msumari uliojificha huua msumeno. Kisha shika ubao kwa vidole viwili, karibu robo ya urefu kutoka nchani, uugonge katikati kwa kifundo cha kidole. Ukilia na kuendelea kulia, una kitu mkononi. Ukitoa kishindo kifupi, utafutie kazi nyingine.

Na wewe unayebomoa nyumba ya babu, mwite fundi seremala azikague mbao kabla hujaziuza kwa bei ya kuni. Andika pia zilitoka jengo gani na mwaka gani, maana bila maandishi hayo kisa ni porojo tu.